Waya Mfupi Juu ya Bati la Bushiri

Jumanne, 9 Septemba 2025

Antena imekamilika. Kwa mikono hii! Wenzangu wanaoongea hewani kwa redio wananunua za dukani, mimi nimeitengeneza uani hapa Kariakoo, kati ya beseni la nguo na jiko la mkaa. Waya wa shaba nimeuchuna kwenye kebo kuukuu. Katikati nimeweka kipande cha bomba la maji. Ncha mbili nimezifungia kwenye vipande vya ndala, umeme usivuje kwenda kwenye kamba. Ndala yenyewe ilikuwa nzima. Sasa natembea na moja.

Kanuni ni ndogo: waya mbili, kila mmoja mita tano na kidogo, zimenyooshwa huku na huku kama mikono ya trafiki. Urefu ukikosewa, sauti haitoki, inarudi redioni. Hesabu ya kidato cha pili inatosha — na bahati nzuri ndiko nilikoishia.

Tepu sikuwa nayo. Nikaingia dukani kwa Bushiri, mwenye nyumba wangu, nikaazima ubao wa mita anaopimia vitenge. Mtu mwema Bushiri. Chumba cha uani kanipa yeye, na paa la bati kanipa bure nisimike mianzi ya kuinulia antena. Mwenye nyumba gani mwingine mjini hapa angekubali? Wangeniita mchawi.

Alhamisi, 11 Septemba

Mdomo wangu huu! Nilikwenda kijiweni kunywa kikombe kimoja cha kahawa, nikajikuta natangaza kwamba Jumamosi jioni nitaongea na mtu wa Brazil, hewani, waje wote wasikilize. Kwa nini Brazil? Sijui. Ilitoka yenyewe.

Mzee Awadhi, muuza kahawa, akauliza nitaongea naye kwa lugha gani. Nikamjibu kwamba mimi dunia nimeizunguka, Mzee, lugha haijawahi kunishinda.

Dunia yenyewe ni Beira, hapo Msumbiji. Nilikaa bandarini wiki nzima naharisha.

Lakini leseni ninayo. Redio ninayo, niliachiwa na padri Mjerumani kule Masasi alipokuwa anarudi kwao. Imebaki Brazil tu.

Jumamosi, 13 Septemba

Aibu.

Kijiwe kizima kilihamia uani. Bushiri alitoa viti. Zamda, fundi cherehani anayeshonea barazani kwa Bushiri, alisimamisha kazi kwa heshima yangu. Nikavaa vile vya masikioni kama rubani. Nikaita. Nikaita tena. Sindano ya kipimo cha redio ikakimbilia kwenye nyekundu ikalala huko — karibu nguvu yote inanirudia mwenyewe. Brazil kimya. Hata Kigamboni kimya!

Nikasema ni jua. Nikasema ni maghorofa. Nikasema bonde la Jangwani linanyonya mawimbi. Mzee Awadhi akasema tumwache, huyo Mbrazili kaenda Feri kununua samaki, akirudi atapokea. Jamaa mmoja alicheka mpaka akajimwagia kahawa. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Zamda peke yake alibaki kunisaidia kukunja kebo. Akaniambia, "Kaka Beno, pima tena. Mimi gauni likinikatalia napima tena, silitukani." Nikamwambia vipimo vyangu ni vya kimataifa.

Jumapili, 14 Septemba

Nimepima tena.

Baada ya misa niliazima tepu ya chuma kwa seremala, nikashusha waya. Kila upande umepungua karibu nusu mita! Nilidhani nimelewa divai ya altare. Nikapima mara ya pili, vilevile. Basi nikaingia dukani, Bushiri ameenda kula, nikalaza tepu juu ya ule ubao wake. Mita ya Bushiri inaishia kwenye sentimita tisini na moja. Ncha moja ina kofia ya chuma. Ncha ya pili imekatwa kwa msumeno ikapakwa rangi.

Furaha niliyoipata! Hesabu yangu haikuwa na kosa! Nikatoka mbio kwenda kijiweni kusafisha jina langu.

Nikaishia barazani. Hapo alikuwapo dada mmoja anaitwa Ritha, shangazi wa bibi harusi. Kitambaa cha sare alinunua kwa Bushiri mwenyewe, akampa Zamda ashone. Magauni yamepelea, mawili hayatoki kabisa. "Umekata chako humo humo!" anapiga kelele. "Mafundi wote wezi!" Zamda anaapa hajaficha hata kitambaa cha kufutia jasho. Ritha hasikii. Ama kilichopungua kipatikane Jumatano mbele ya mjumbe, ama cherehani linaondoka.

Na Bushiri, karudi, kaegemea mlango anatafuna korosho. Kasema, "Ndivyo walivyo mafundi cherehani, dada yangu."

Nikaificha tepu mfukoni. Mimi! Kijiweni sikufika.

Jumatatu, 15 Septemba

Nikisema, paa limeondoka, na antena, na pengine chumba. Nisiposema, Zamda ameondoka na jina la wizi, na hakuna atakayempa kitambaa tena mtaa huu.

Labda Bushiri hajui. Duka alirithi kwa mjomba wake, labda na ubao ulikuja hivyohivyo. Labda panya ndiye aliyekata kwa msumeno. Labda na rangi kapaka panya.

Kujidanganya nina kipaji, sijui kwa nini silipwi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekata waya mpya, kwa tepu ya seremala. Nimepandisha. Sindano ikashuka yenyewe, taratibu, ikatulia chini.

Nikaita. Akajibu mtu!

Wa Bulgaria. Sauti inakoroma kama vitumbua kwenye kikaango, lakini jina langu kalitamka: Beno. Kaniuliza hali ya hewa Dar es Salaam. Nilisahau Kiingereza chote nikamwambia "very". Very tu. Kafurahi.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nikafungua mlango nimwite mtu — nikaufunga. Nikimwambia Mzee Awadhi, swali lake la kwanza litakuwa: juzi ilikufa, leo umebadili nini?

Nje naisikia mashine ya Zamda. Anaunga vipande kutokea kwenye mapindo, anajaribu kupata gauni moja zaidi. Halitatosha. Namjua mwenye ubao.

Jumatano, 17 Septemba

Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, nilikwenda dukani nikalaza tepu juu ya kaunta, kando ya ubao.

Bushiri hakuitazama tepu. Alitazama mlangoni, kama anayemngoja mtu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kaka Beno, antena inashika siku hizi?

Nikasema inashika.

"Basi vizuri," akasema. Akachukua ubao akauweka chini ya kaunta. Wa kupimia mbele ya wateja katoa mwingine, mpya, bado una karatasi ya bei.

Kwa hiyo anajua. Na mimi najua kwamba anajua, na paa ni lake.

Sasa ni alasiri, naandika nikiwa kwenye benchi barazani. Mjumbe wetu, Bi Zulekha, amekaa kwenye kiti cha Zamda. Kijiwe chote kimekuja, watu hawa kesi kwao ni sinema. Ritha keshasema, tena kwa kirefu. Zamda kasema kidogo, mkono hautoki juu ya cherehani. Bushiri katoa ushahidi wa mfanyabiashara: yeye kapima kamili, mbele ya macho ya mnunuzi, na ubao ule pale kila mtu auone. Wanautazama ule mpya, wanakubali kwa vichwa. Hata mimi ningeamini.

Bi Zulekha anauliza kama kuna mwingine mwenye la kusema, kabla hajafunga.

Nani ataniamini mimi? Mtaa mzima unajua kinywa changu. Wiki nzima nimewalisha uongo, leo niwaambie tisini na moja.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeunyoosha juu.

Mzee Awadhi kauona. Anamgonga jirani yake: haya, kaeni vizuri, tunapaa. Wameanza kucheka na sijafungua mdomo. Bushiri hacheki. Bi Zulekha anageuka, anatafuta mkono ni wa nani —