Mbuzi wa Kumshukuru Mburu

Kimilili, 20 Februari 1954

Mwanangu Nyongesa,

Pokea salamu zangu na za dada zako. Sisi tunakula na kulala vizuri. Niambie mguu unasemaje: unaukanyaga wote, au bado unachechemea?

Nimemfikiria sana yule Mburu, fundi mbao wa chumba cha pili hapo landi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Mvuke wa injini ulipokuunguza, wenzako wa kwetu walikimbilia mlangoni. Yeye alikubeba mgongoni mpaka hospitali, akakulisha uji kama mtoto. Mimi mama yako nilifika umeshapona nusu. Nilimwambia asante kwa mdomo tu, na mdomo haushibishi mtu.

Kwa hiyo namtuma mbuzi. Ni beberu wa kahawia, mguu mmoja wa mbele mweupe. Sikio la kushoto nimelikata alama kwa kisu cha jikoni, kwa sababu namjua Ogola, gadi wa treni ya mizigo. Anaweza kumbadilisha njiani na kale kake kalikokonda.

Desturi ya nyumba yetu unaijua. Mbuzi wa shukrani hauzwi wala hafugwi. Aliyetoa na aliyepewa humla pamoja, mlango umefungwa, ili shukrani isitoke nje. Kula kwa niaba yangu.

Mama yako,
Nasimiyu

Nakuru, 9 Machi 1954

Mama mpendwa,

Nakusalimu na kuwasalimu wote. Mguu unakanyaga. Yanayofuata si mazuri, yasome ukiwa umeketi.

Mbuzi alifika Ijumaa, sikio lake na yote. Jumamosi mchana tulimchinja nyuma ya landi, tukaingia kwa Mburu na kufunga mlango kama ulivyosema. Alicheka sana. "Nyongesa, nyinyi mnashukuru watu kama wezi!" Tulipokwisha kula alikata kanda mbili za ngozi, mmoja akanivalisha mkononi, mwingine akavaa mwenyewe. Kwao mgeni akivalishwa hivyo amekuwa ndugu.

Mama, hujui mji huu ulivyo sasa. Mkikuyu, mbuzi, mlango uliofungwa mchana, ngozi mkononi: askari hawahitaji la tano. Jumapili asubuhi walimchukua. Wanasema alilisha watu kiapo cha wale wanaopigana msituni, na anayelisha kiapo hunyongwa. Ngozi ya mbuzi wameichukua pia, na masikio yake, iwe ushahidi.

Mimi hawakunigusa, kwa kuwa si Mkikuyu. Ukanda wangu niliukata walipokuwa bado wanagonga kwake, nikautia jikoni kwenye makaa. Msimamizi wetu ameniambia, "Wewe hukuwapo. Ukisema ulikuwapo, chumba kitakwenda, kazi itakwenda, na wewe utafuata nyuma."

Tafadhali usiandike jina lake tena. Barua zinafunguliwa.

Mwanao,
Nyongesa

Kimilili, 17 Machi 1954

Nyongesa,

Hatujambo. Mvua imeanza.

Mburu. Mburu. Mburu. Wafungue, wasome.

Mbuzi ni wangu. Mlango ulifungwa kwa neno langu. Yeye hata hakuijua desturi yetu, alikula alichopewa. Kama kula ni kosa, mlikula wawili. Hilo ndilo la kusema huko, bila kuongeza na bila kupunguza.

Chumba ni cha reli. Kazi ni ya reli. Mguu je, ni wa nani?

Sikuamuru. Wewe ni mtu mzima. Lakini usiniandikie tena habari za mguu huo kabla hujakwenda.

Mama yako

Nakuru, 25 Machi 1954

Mama,

Natumaini mmeshapanda, na kwamba dada zangu ni wazima.

Nimefika lango la polisi mara mbili nikarudi. Mara ya pili askari wa zamu aliniuliza, "Umepotea, mzee?" Nikasema ndiyo.

Nakumbuka kule hospitali. Uji ulikuwa moto, Mburu akiupuliza huku ananitukana: "Meza, wewe! Hata ndama habembelezwi hivi." Kila siku alikuja akitoka kazini, vumbi la mbao kichwani. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Kesho asubuhi naingia. Nguo zangu nimeziacha kwa Ogola. Usipopata barua nyingine, ujue nilisema.

Mwanao

Nakuru, 14 Aprili 1954

Mwanangu,

Nasikia unakula huko mahabusu, na kwamba hawakukupiga sana. Kukuona nimekatazwa, lakini askari mmoja wa kwetu amekubali kukuletea karatasi hii. Mimi ni mzima. Nimelala kwa dada yake Ogola.

Barua haikuja, nikapanda treni.

Afisa aliniuliza nimefuata nini. Nikamwambia, mbuzi wangu. Karani akacheka. Nikataja rangi, mguu, sikio. Wakaenda kuileta ngozi, imekauka kama ubao. Wakalikunjua sikio la kushoto, alama ipo. Afisa akasema, "Na mlango mlifunga kwa nini?" Nikamjibu, "Wewe ukimshukuru mtu unaita soko lote?" Karani aliacha kucheka. Afisa akaandika.

Maneno yangu na yako yalilingana. Shtaka la kiapo limeondolewa. Wewe utatoka Jumatatu. Kazi haipo, na chumbani mwako ameshaingia mtu mwingine. Tutarudi nyumbani pamoja.

Mburu hawakumwacha. Wakikuyu wa landi wanapelekwa Kiambu, wanaambiwa ndiko kwao. Yeye amezaliwa Kabazi, katika shamba la mzungu, na Kiambu hajawahi kuiona. Nilikwenda stesheni. Behewa lilikuwa na wavu wa waya. Amekonda, na jino moja la mbele halipo. Sikuwa na kitu mkononi. Nikamwambia asante kwa mdomo tu, mara ya pili.

Alinitazama, kisha akaja karibu na waya. "Mama," akasema, "yule mbuzi alikuwa mtamu. Mwambie Nyongesa siku nyingine alete kuku, tena tule mlango wazi."

Kuku nitamchagua mimi, na alama nitamtia. Mambo haya yakiisha, kumtafuta Mburu huko Kiambu itakuwa kazi yako. Miguu unayo.

Mama yako,
Nasimiyu