Diski ya Louisville

Profesa,

Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike, na kazi ya kusafisha ofisi yako ya Amherst, kando ya Buffalo, nimepewa mimi. Nani mwingine? Miaka yote nimekuwa nikisafisha uchafu wako.

Mazishini walikusifu mpaka nikaona aibu kwa niaba yao. Louisville ulikuwa mhadhiri asiyejulikana, Columbus ukapanda cheo, Buffalo ukawa mkuu wa idara, na yote hayo, walisema, kwa kipaji chako cha kutenganisha sauti ya mtu na kelele. Hakuna aliyetutaja sisi wanafunzi tulioandika programu zako huku wewe ukizurura mikutanoni na tai yako nyekundu.

Unakumbuka jikoni kwetu, mtaa wa South End kule Louisville? Ulitaka sauti za wasemaji wa Kiswahili, nikakupeleka kwa wazazi wangu. Mama akakusomea orodha yako ya maneno. Nyuma yake baba, aliyekuwa akijiandaa kwenda zamu ghalani, alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, mara anakatiza, akianza kwa Kifaransa kama kawaida yake: "Bon, soksi yangu iko wapi?" Ukakunja uso. "Hiyo ni takataka, tutaiondoa." Kisha ukala ugali wa mama, ukaondoka bila hata asante.

Baba alifariki mwaka jana. Hatuna sauti yake popote, maana hakupenda kurekodiwa. Ndiyo maana mama alipanda basi kuja Buffalo nilipomwambia nimeikuta diski ya rekodi za Louisville kwenye droo yako. Tuliketi kwangu, barabara ya Bailey, tukasikiliza. Sauti ya mama ilitoka safi kabisa. Nyuma yake, kimya. Rekodi ya kwanza, yenye kelele zake, uliifuta ili upate nafasi kwenye diski. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hiyo haifutwi, mjinga wewe!

"Weka tena," mama akasema. "Baba yako iko wapi?"

Nikamwambia ni upumbavu wako. Tangu siku hiyo anakulaani, nami namwacha, kwa sababu laana unazistahili nyingi. Lakini hii inaniuma. Programu iliyomwondoa baba niliiandika mimi. Niliijaribu kwa rekodi ile ile, na ilipofanya kazi nilikupigia simu nikilia kwa furaha. Ulisema "sawa," ukakata.

Kwaheri, Profesa. Machozi yangu hupati. Jumapili, tukitoka ibadani, nitamwambia mama kwamba aliyemwondoa baba ni mimi. Jina lako sitalitaja.