Neno la Upande wa Vern

Bemidji, Minnesota
Novemba 4, 1986

Mwanangu Janelle,
Habari za Tucson na joto lenu? Sisi wazima, ila mgongo wa baba yako unamsumbua na theluji imefika magotini.

Tunaagiza jiwe letu la kaburi. Usishtuke, hatufi. Rika letu lote hapa wameshasimamisha ya kwao, majina mawili na nafasi ya tarehe. Tumekwama kwenye neno la kumsifu baba yako. "Mpendwa" wameandika wote, hata Elroy ambaye mkewe alimfukuza mara mbili. Wewe ndiye mwalimu, nipe neno.
Mama yako

Tucson
Novemba 15

Kwako Mama,
Salamu nyingi. Mgongo wa Baba aonwe na daktari, asijitibu kwa mafuta ya trekta.

Andika "attentive". Mwanafunzi anayesikiliza bila kuchezea penseli tunamwita hivyo. Mhudumu anayekuongezea kahawa kabla hujainua mkono, hivyo hivyo. Ni mtu ambaye macho yake yako kwako, na mikono inafuata bila kuombwa.
Bintiyo, Janelle

Bemidji
Novemba 26

Mwanangu,
Hujambo? Umenichekesha hadi nimemwaga kahawa. Vern, attentive? Nilikata nywele Agosti. Oktoba akaniuliza kama nimenunua miwani mipya! Masikio yake yote yako kwenye redio ya hali ya hewa, na macho kwenye tundu la barafu anakovulia samaki.

Nacheka, lakini inaniuma. Nimeishi na mtu asiyeniona, halafu nilale naye milele? Nimemwambia fundi wa jiwe asimamishe kazi. Nitazikwa Fargo, kando ya dada yangu Delphine. Kusema kweli ule msonobari wetu, pale ninapoegesha gari usiku, unanijali kuliko mume. Wenzangu wa kanisani kila asubuhi wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari huku wanalia. Mimi mti umenikinga, naingia na kuondoka.
Mama yako

Tucson
Januari 12, 1987

Mama,
Hamjambo huko? Krismasi imepita bila hata kadi. Jirani ndiye aliyeniambia kwamba Baba amepasuliwa mgongo. Niandikie, na usihamie Fargo kabla hujasema nami.
Janelle wako

Bemidji
Februari 3

Mwanangu Janelle,
Nisamehe kwa kimya. Baba yako yuko nyumbani, anatembea kwa mkongojo na kulalamikia supu yangu, kwa hiyo anapona.

Sikiliza mambo. Asubuhi ya kwanza ya kwenda kumwona hospitali, nilikuta gari limekuwa bonge la barafu. Nikautukana msonobari. Kesho yake, vilevile. Nikamuuliza, "Vern, mti wetu umepatwa na nini?"

Akatazama dari. "Mti hauna lolote, Arlene. Matawi yake hata hayafiki kwenye gari."

"Sasa nani alikuwa anatoa barafu?"

"Si mimi? Redio ikisema baridi, natoka nakwangua, narudi kitandani."

"Miaka yote hii! Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unausifu mti kwa watu. Niliona aibu kukukatiza."

Nililia mbele ya nesi bila haya. Kumbe redio ile alikuwa anaisikiliza kwa ajili yangu. Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa fundi: ATTENTIVE, herufi kubwa, na Fargo basi. Nimemwambia achonge hilo hilo upande wangu pia, maana sasa mimi ndiye ninayeamka kukwangua pikapu la baba yako, ingawa daktari amemkataza kuendesha hadi Aprili.
Mama yako

Bemidji
Februari 9

Janelle,
Hujambo? Mgongo nafuu. Samaki wapo, mimi ndiye siruhusiwi kuwafuata.

Mama yako amekata nywele tena. Safari hii nimemwambia zimempendeza, akadondosha sahani.

Hilo neno la upande wake, nimempigia fundi simu asubiri kwanza. Mwenzangu ndiyo kwanza ameanza.
Baba yako