Usivae Miwani ya Kaka Yako

Kaukira, Mosquitia,
Honduras.
9 Juni 2011.

Mwanangu mpendwa Elmor,

Hujambo, baba? U mzima? Unakula? Zege la huko Roatán halijakuchubua mikono? Mimi sijambo, ni magoti tu yanayolia mvua ikikaribia. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Juzi nilipika wabul, nikaponda ndizi, nikamimina tui, nikajaza vikombe vitatu kwa mazoea. Cha tatu nilikaa nacho mkononi mpaka kikapoa.

Barua yako nimeipata kwa mchungaji Tinglas. Unasema Julai msimu wa kambakoche ukifunguliwa utapanda meli ya wapiga mbizi, eti nikutumie miwani na mapezi ya kaka yako Wilmor. Mwanangu, niliisoma, nikairudia tangu mwanzo.

Kwenye simu sikukwambia yote yaliyompata Wilmor. Mtandao ulikuwa unakatika, nami nilikuwa nalia.

Siku ile Wilmor alimaliza mitungi kumi na miwili ya hewa, chini kabisa, maana kamba wa juu juu wameisha. Mara ya mwisho hewa ilikuwa inamwishia, akapanda haraka. Kwanza mabega yakauma. Kisha tumbo likambana kama amefungwa mkanda. Alipotaka kwenda kukojoa, miguu haikumtii, na mkojo wenyewe ukagoma. Wenzake wakasema, "Huyo kashikwa na Liwa! Leo kamwibia kamba wake wengi mno."

Na mimi alipoletwa nyumbani nikasema hivyo hivyo. Ndiyo, mimi mama yenu. Nilimwita mganga, tukamfukiza majani, nikampigia magoti Liwa, huyo mwanamke wa baharini mwenye kamba, aniachie mwanangu. Siku nne, Elmor. Siku nne nzima.

Ndipo tukampeleka hospitali. Daktari wa Puerto Lempira, yule mwenye chumba cha chuma cha kushindilia hewa, alimdonoa kwa sindano kuanzia kifuani kushuka. Wilmor akawa anajibu, "Nasikia, nasikia." Chini ya kitovu akanyamaza. Nikaelezwa kwamba mtu akipanda haraka, hewa iliyomwingia mwilini hugeuka mapovu, nayo huziba damu ya ule uzi mnene ulio ndani ya uti wa mgongo, unaoipa miguu amri. "Mama, ungemleta siku ile ile," akasema. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Sasa miguu imekakamaa, mara inarukaruka yenyewe. Namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Lakini mdomo wake mzima kabisa! Nilipomsomea barua yako akacheka: "Mwambie huyo bata wa nchi kavu, miwani yangu haienei hilo boga lake la kichwa." Halafu akageuza uso ukutani, akasema polepole, "Mama, usimpe."

Sikupi. Nimeikata kwa panga, na mapezi pia. Kasirika, baba, lakini ukasirike ukiwa umesimama.

Nakujua ulivyo mkaidi, na miwani inauzwa madukani. Basi hata usiponisikia, nisikie hili: ukitoka majini, mwili ukiwasha, mguu ukifa ganzi au mkojo ukikataa, usiseme Liwa, wala usinywe pombe ukalala. Piga kelele wakupeleke kwenye chumba kile cha chuma siku hiyo hiyo. Nahodha akisema subiri, mwambie mama yako alisubiri.

Ila mimi nataka urudi tu. Hata mikono mitupu. Nina hamu ya kukusikia ukikanyaga mbao za baraza, ukiuliza kuna nini jikoni.

Shangazi yako Orlinda anakusalimu sana, na binti yake Yadira, ambaye kila akitoka kanisani anauliza habari zako. Wilmor naye anakusalimu kwa matusi yake. Mungu akufunike kwa mkono wake, akulaze salama, akuamshe salama.

Mimi nikupendaye, ninayekungoja uje kwa miguu yako,

Mama yako,
Rosalva