Jogoo wa Ukutani

Jumatatu, 3 Juni
Kuanzia Mandewa mpaka Mgori hakuna anayeshika brashi kama mimi. Kama yupo, basi amekufa. Leo nimechora jogoo kwenye ukuta wa saluni ya kaka, jogoo wa jirani akaja kupigana naye. Kweli tupu. Nimemkalisha juu ya bomba la maji, kifua mbele, kofia ya pama kichwani. Pembeni pakabaki nafasi, nikaweka kuku jike kainamisha kichwa. Kuziba pengo tu.

Jumanne, 4 Juni
Mtaa mzima unacheka. Mwenye kofia ya pama hapa ni mmoja, mwenyekiti wa kamati ya maji. Ufunguo wa bomba anatembea nao mfukoni. Kwake ndoo zinajaa kwanza, sisi tunaungua na jua kwenye foleni. Mkewe tu, Mama Neema, ana utu. Mzee akigeuka, ananimiminia dumu langu. Nililisema hili la foleni kikaoni, nikaambiwa nikae chini, mtu mwenyewe kidato cha pili sikumaliza. Haya, ukuta umesema. Ukaliseni.

Jumatano, 5 Juni
Kaja mwenyewe. Nikampa shikamoo yake, adabu ninayo.
"Futa huo upuuzi!"
"Mzee, huyu ni kuku. Wewe umejionaje humo?"
Wateja hoi. Kaka kacheka mpaka mashine ikamlima mtu njia katikati ya kichwa. Mwalimu wa Kiswahili alinichapa sana kwa kutojua sitiari. Angekuwepo leo angenivulia kofia.

Alhamisi, 6 Juni
Kaka kageuka. Anaogopa mgambo, anaogopa saluni kufungwa. Anasema futa. Sifuti. Nimemvalisha jogoo ufunguo shingoni. Mkubwa.

Ijumaa, 7 Juni
Mgambo hawajaja. Watu wanapiga picha na jogoo wangu. Mimi natia saini pembeni, herufi kubwa.

Jumamosi, 8 Juni
Kikao. Mwenyekiti kafungua mdomo, mtu huko nyuma kawika. Ukumbi ukavunjika mbavu. Ufunguo kauweka mezani mwenyewe. Sasa unakaa kwa kina mama watatu, kwa zamu. Jogoo mmoja tu! Nilitembea kurudi nyumbani katikati ya barabara.

Jumapili, 9 Juni
Upepo baridi. Foleni ya maji fupi.
Mama Neema hakuja bombani. Kanisani pia hakuwepo. Kumbe tangu Jumanne watoto wanamfuata njiani, "Ko-ko-ko!", wameinamisha vichwa. Nilikutana naye jioni. Nikamwamkia. Akaitikia huku anatazama chini, kama nilivyochora.
Nilitaka kumwambia yule si yeye, ni kuku tu. Nikakumbuka mumewe nilimwambia hivyo hivyo.
Nimempaka chokaa yule jike. Jogoo nimemwacha, na sijutii. Ila pale pembeni pamebaki doa jeupe, na kila anayepita anajua ni nani.
Hilo nilikosea.