Koti Ambalo Sijalifua

Jumatatu, 3 Machi
Mwanangu anaoa Jumamosi. Leo kaja kuomba koti la sufu la marehemu baba yake. Nikamwambia, makoti yote yaliyojaa madukani! Anasema hatafuti koti, anataka Baba asimame naye. Nimekubali. Ningekataaje?

Miaka miwili limo sandukuni. Sijalifua tangu alipolivua mwenyewe. Harufu yake bado imo — jasho, sabuni, tumbaku kidogo. Nikizidiwa hufungua, nikanusa, nikafunga. Hili hajui mtu.

Jumanne, 4 Machi
Ee Mola wangu! Matundu — kifuani, kwapani, na kola imeliwa hadi kwenye bitana. Wadudu wachanga wa kahawia, wana manyoya, wamejikunyata kwenye mshono. Shuka ya nailoni iliyolifunika hawakuigusa.

Na mimi ndiye fundi! Kutililia matundu ya nguo za watu, kuyaziba kwa uzi, ndiyo kazi yangu. Juzi tu nimemhubiria mteja asiweke sufu chafu. Mganga hajigangi.

Jumatano, 5 Machi
Nimemuuliza dobi, nikasingizia koti la mteja. Kasema hao ni watoto wa mbawakawa. Sufu wanakula, ila penye jasho ndipo hawabanduki. Lifuliwe mpaka harufu itoke yote, la sivyo watarudi. Akaongeza kuwa huyo mteja wangu ni mvivu kweli. Nikaitikia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimetililia kifua, makwapa na kola. Kila fundi anajua: nguo hufuliwa kwanza, ndipo hushonwa. Mimi nimeanza na sindano. Sikulia.

Uongo. Nimelia.

Ijumaa, 7 Machi
Mwanangu kaja asubuhi, kalijaribu. Limemkaa! Akaegemeza pua kwenye mkono wa kushoto wa koti, akavuta pumzi. Mama, akasema, bado ananukia. Kumbe naye!

Nikamweleza yote, hata uongo wangu kwa dobi. Akalivua, akanirudishia. Kisha akasema uamuzi ni wangu, yeye atalivaa vyovyote litakavyokuwa. Ametoka, amekaa uani, ananisubiri.

Beseni limejaa, sabuni imeshayeyuka. Nimenusa kola — hakuna kitu. Pale alipokuwa amebaki zaidi ndipo walipokula zaidi. Nimetafuta kote. Yupo kwenye mkono wa kushoto tu, karibu na kifundo.

Mkono wa kulia nimeshaulowesha. Naandika kwa vidole vyenye povu. Wa kushoto uko mapajani kwangu, mkavu, na mwanangu anauliza kupitia dirishani kama aje kunisaidia kukamua —