Mwalimu, Nani Atamimina Chai?

Mwalimu Njeru,

Ni mimi, Cucu, nyanya yenu wa jikoni. Niliachia shule darasa la tatu lakini barua naweza, na hii ni ya kukugombeza kwanza.

Ulituacha ukaenda kaburini haraka hivyo, hata hukuonyesha mtu vile shule yako inaendeshwa! Miaka yote hapa mtaani kwetu Dallas, saa nne ikifika, wewe mkubwa wetu ndiye ulishika birika. Walimu, askari wa geti, mimi, wote meza moja. Ukimimina unauliza, "Leo umeshindwa na nini?" Mtu anasema ukweli, tunacheka, mwingine anamsaidia. Mimi nilidhani unapenda tu chai.

Sasa tuna mkubwa mpya, Mugendi. Si mtu mbaya, na shati lake limepigwa pasi. Aliona walimu wamechoka kufundisha wageni wa ng'ambo Kiswahili, akataka kuwafurahisha: kila mmoja chumba chake, kiti cha kuzunguka, thamosi yake. Vyumba vizuri, na ndani walimu wamenuna kama kuku walionyeshewa! Darasani wanaingia wakijivuta. Kawira, uliyekuwa unamsifu mpaka tunachoka, akanionyesha barua ya kuacha kazi. "Cucu, hapa hata nikishindwa hakuna mtu atajua."

Huyo aende? Nikakataa. Kesho yake sikujaza thamosi hata moja, nikawaita wote kwa ile meza yetu. Mugendi akaja jikoni.

"Cucu, chai iko wapi?"

"Iko mezani na haina miguu. Kuja umimine."

Mwalimu, alimwaga mpaka kwa sahani ya nduma zangu za kuchemsha! Lakini alipofika kwa Kawira akauliza swali lako, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha jikoni, na hapo nikamkanyaga mguu ili akumbuke. Kawira akasema kuna mwanafunzi wake, mama mgeni, analia kila somo, wiki mbili sasa. Askari wa geti akacheka.

"Huyo? Akiwa na mimi huongea Kiswahili vizuri sana, tukiangalia mbuzi za jirani. Mfundishie hapo getini."

Wakabeba viti, wakaenda. Yule mama sasa anabishana bei na muuza ndizi. Barua ya Kawira niliwashia jiko, alinipa mwenyewe.

Pumzika basi. Kikombe chako bado kiko kwa msumari. Mugendi alikitazama, nikamwambia angoje. Nakuahidi nitampa, siku atamimina bila kulowesha nduma zangu.

Cucu wako wa jikoni